Chumba cha Kunyonyeshea

Jua lilikuwa linazama nilipomfunga mtoto wa mdogo wangu mgongoni, nikampeleka kwa mama yake kwenye kiwanda cha nguo. Tulimwita Bonge, enzi zile alipokuwa na mashavu. Sasa mbavu zake unazihesabu kwa kidole. Maziwa aliyoletewa na mama yake kwenye chupa yalikuwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele, na tangu adhuhuri alikuwa anayatema. Nilichoka, na hasira ilinijaa. Mama gani huyu?

Msimamizi, mwanamke mnene wa tabasamu, alinipokea mwenyewe.

"Karibu, dada. Hapa tunawajali wanawake. Tuna chumba chao. Mtu anakamua maziwa, anarudi kwenye cherehani. Hakosi kazi, hakosi kulea."

Juu ya mlango paliandikwa: MWILI WAKO, MTAJI WAKO. Nikasonya, nikaingia.

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Maziwa yaliyochacha, na juu yake marashi ya kiume, yale ya bei mbaya. Wanawake walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, wameuelekea ukuta, mapaji ya uso yamegusa saruji. Kila mmoja alikuwa na kipazia kifuani. Hakuna aliyezungumza.

Ila mlio.

Fyu... fyu... fyu...

"Mashine mpya," msimamizi akaninong'oneza. "Hazina kelele."

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho, amefumba macho. Nikatafuta waya. Nikatafuta mpira, chupa, chochote. Hakuna.

Nikafunua pazia.

Midomo.

Midomo ya mtu mzima, imetokeza kwenye tundu la ukuta, imekauka pembeni, ndevu zake zenye mvi zimelowa povu la maziwa. Haikushtuka hata kidogo. Iliendelea kunyonya.

"Inuka!" nikamvuta mkono. "Inuka twende! Mwanao anakufa njaa!"

"Dada, usiniharibie kazi," akanong'ona, macho bado kayafumba. "Hakuna aliyenilazimisha. Nimesaini mwenyewe. Mwili ni wangu."

"Wako? Hapo umebakiwa na nini cha kwako?"

Msimamizi akacheka kidogo.

"Hasira za nini, dada? Mbona hata wewe unafaa." Akanigusa kifuani kwa kidole kimoja. Kilikuwa cha baridi.

Nilitoka mbio. Njia nzima nilitema mate. Niliwatukana wenye kiwanda, nikaitukana ile midomo, nikamtukana na mdogo wangu, kisha nikamlilia. Bonge naye alilia, sauti imeshakauka.

Karibu na duka la dawa nikahisi blauzi imelowa. Nikadhani ni jasho. Nikapitisha kiganja, nikanusa.

Marashi yale yale.

Mimi sijazaa. Hata mimba sijawahi kushika. Lakini kifua kilikuwa kizito, kinauma, kinachuruzika... na mtoto mgongoni akanyamaza ghafla. Alikuwa ameshanusa.

Haya, niambieni ninyi wenye majibu. Nimpe uchafu ule? Au nimnyime, afe mgongoni mwangu?

Duka lilikuwa limefungwa. Nikaketi kwenye ngazi zake, nikamgeuza mbele, nikafumba macho.

Alininyonya taratibu, bila pupa, kama mtu mzima aliyelipia.