Maua Yenye Jina Langu

Nilipofungua lile gunia nilipiga nduru mpaka mama mkwe akaacha kuanika dagaa zake za omena akaja mbio!

Ilikuwa picha kuukuu ya maua. Waridi na mayungiyungi meupe, yamekatwa, yamelazwa juu ya meza nyeusi... mengine yameanza kunyauka.

Chini kwenye kona: Marcela, 1979.

Jamani, mimi ndiye Marcella! Na nimezaliwa 1979!

L moja ilikosekana, lakini anayekutakia kifo hajali herufi.

"Yaye!" Mama mkwe, Risper, akashika kichwa. "Nyar Kasipul, mkwe wangu, haya ni maua ya kaburi. Mwaka wa kuzaliwa wameandika. Wa kufa wameacha wazi!"

"Wanangoja operesheni," nikasema.

Maana wiki hiyo ndiyo nilikuwa naenda Homa Bay kutolewa uvimbe tumboni. Na aliyetuma gunia ni Gesare, mke mwenzangu anayeishi Kehancha. Kikulacho ki nguoni mwako...

Nikampigia.

"Gesare, umeniletea nini?"

"Umepata? Weka karibu na kitanda, dada. Hiyo ni ya wajina yako."

"Wajina wangu yuko wapi?"

"Alishakufa kitambo. Lakini..."

Nikakata! Ungekuwa wewe ungengoja nini?

Mama mkwe alikuwa ameshawasha kuni. Picha ikashika moto haraka, ikatoa moshi wenye harufu mbaya, na yale maua yakajikunja yakawa meusi. Nilitazama hadi mwisho.

Siku ya operesheni, Gesare akafika hospitalini. Nilimwona dirishani akiongea na askari wa geti.

"Huyo mwanamke asinikaribie!" nikapiga kelele. "Anataka kuniua!"

Wodi nzima ilisikia. Hata yeye alisikia. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Nilipozinduka, mume wetu Maurice alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho mekundu.

"Picha ya Gesare iko wapi?"

"Tulichoma."

Akasogeza kiti karibu.

"Marcella, hiyo picha ilichorwa na mama mmoja wa Spain, zamani sana. Aliitwa Marcela. Kuna sista wa huko alikuwa anatibu watu Kehancha. Akirudi kwao, akaambia Gesare achague kitu yoyote kwa nyumba yake. Akachagua hiyo, juu ya jina yako. Sista alimwambia kwao mgonjwa analetewa maua ndio apone."

"Na mwaka je? Si ni wangu?"

"Ni 1879. Hiyo nane ilikuwa imefifia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe bado! Nesi akaingia kubadilisha dripu.

"Mama, ulitoka damu nyingi. Bahati yako, yule mama alipitia maabara akatoa yake kabla aende."

"Mama yupi?"

"Si yule ulikuwa unafukuza?"

Nililia mpaka mshono ukauma.

Wasomaji wangu, kwetu maua ya kukatwa ni ya maiti. Kwingine ni ya kumtakia mtu uzima. Uliza kwanza, kiberiti baadaye. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimeshambeba.

Gesare amehamia kwa kaka yake, Bichage, yeye na watoto. Amesema harudi kwa mume ambaye bomani kwake anaitwa muuaji.

Nampigia kila siku. Hapokei.

Damu yake inazunguka ndani ya mwili wangu, na mwenyewe hataki hata kusikia sauti yangu.