Mbombo Apika Sombe ya Harusi

Orpa alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Watoto walicheza kando ya ziwa Tshangalele. Nyumbani kulikuwa na furaha, maana binti yake Hadassa alikuwa karibu kuolewa na Mathieu, kijana wa Kakanda.

Jambo moja tu liliwasumbua. Mbombo, shangazi wa Hadassa, alikuwa amerudi kutoka Likasi. Mume wake, dereva wa lori, alikufa kwa sida, yaani ukimwi. Mbombo naye alipimwa, akakutwa na virusi. Miaka hiyo, kabla ya dawa za kupunguza makali kufika, ugonjwa huo ulikuwa umeingia katika vijiji vingi, na watu waliuogopa sana.

Mbombo alikula peke yake nyuma ya nyumba. Hakuna aliyempa mkono. Chakula hakikumshuka, akazidi kukonda.

"Papa," Hadassa alimwambia baba yake, Damas, "minye nataka tantine Mbombo anipikie sombe ya harusi. Hakuna anayepika majani ya muhogo kama yeye."

Damas alitikisa kichwa. "Wageni watakimbia. Weye unataka ugonjwa uingie mu nyumba yetu?"

Asubuhi iliyofuata muuguzi Mayimuna alifika kwa baiskeli kuchanja watoto surua. Hadassa alimkaribisha nyumbani. Damas aliuliza bila kuzunguka.

"Mama munganga, dada yangu iko na sida. Tukikula naye pamoja, hatutaipata?"

"Hapana, papa. Sida haipite mu chakula."

"Na jasho? Na mbu?"

"Hapana. Hata kushikana mukono, hata kukaa nyumba moja. Inapita mu damu, na mu kulala mwanamume na mwanamuke. Mama pia anaweza kuipatia mutoto wake, mu mimba, mu kuzaa, ao mu kunyonyesha. Basi musigawane wembe wala sindano. Wenye kuoana wapimwe kwanza, kisha kila mutu abaki na wake. Asiyejua hali ya mwenzake atumie mupira, ile wanaita kapoti ao kondomu."

"Na dada yangu, tumufanyie nini?"

"Dawa ya kuimaliza haiko bado. Lakini akule muzuri, akunywe maji ya kuchemsha. Akikohoa, mumulete mbio. Na musimuache peke yake."

Damas alichukua sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki, akaenda nyuma ya nyumba, akaketi karibu na dada yake.

"Yaya, dada yangu, nilikuogopa bure. Unisamehe. Tukule."

Mbombo alimwangalia sana. Machozi yalimtoka. Alimega bukari, akachovya, akatafuna.

"Samaki ya bibi yako Orpa haina chumvi," alisema.

Damas akacheka mpaka Orpa akaja kuuliza kuna nini.

Hadassa na Mathieu walikwenda Likasi kupimwa. Wote wawili hawakuwa na virusi. Mbombo naye alikula na wenzake kila siku, na mashavu yake yakaanza kujaa.

Siku ya harusi alitwanga sombe tangu mapema, akatia karanga na mawese. Wageni wengine walisitasita mbele ya sufuria. Damas akajipakulia wa kwanza, pasta, mchungaji wao, akamfuata. Harufu ikawavuta wengine. Kwaya ikaimba, Mbombo akacheza na bibi harusi hadi kitambaa kikamwanguka kichwani.

Mwishowe alirudi jikoni kula. Sufuria ilikuwa tupu.

"Mumemaliza yote? Na minye?" aliuliza.

Wanawake wakaangua kicheko. Orpa akaweka maji ya bukari motoni tena, na wote wakavuta viti, wakakaa kungoja kula na Mbombo.