Msumeno Usisimame

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima nilipotoka nje kuanua nguo. Kwetu Kadutu kila mama anajua kwamba nguo ya mtoto mchanga hailali nje. Giza likiikuta kwenye kamba, mpita njia anaweza kuivaa kwanza. Mpita njia gani? Watu hawamtaji. Unaanua tu, unaingia ndani, unafunga mlango.

Nilianua vitambaa vyote vya mwanangu Marcellin. Alikuwa hajatimiza hata mwezi, tulikuwa tunangoja kumpeleka kwa mapadri abatizwe. Kitambaa kimoja hakikuwepo. Kile chenye maua mekundu, alichopokelewa nacho siku ya kuzaliwa.

Nikatafuta chini ya kamba. Nikatafuta kwenye matope, nyuma ya jiko, hata kwa kuku wa jirani. Hakuna. Mvua ikaanza, matone makubwa, na upepo wa ziwa ukaja na baridi yake. Nikaingia ndani nimekasirika. Na mimi nikikasirika, mtaa mzima unajua.

Bisimwa, mume wangu, alikuwa ameketi sakafuni katikati ya chumba. Mbele yake, juu ya kigoda, palikuwa na bomba la chuma la lori, lenye kona moja, amelifunga kwa vipande vya mpira wa tairi lisitingishike. Bisimwa alikuwa fundi katika gereji ya mzungu mmoja kule Ibanda. Kwa kawaida kazi ya gereji inabaki gereji. Lakini miaka ile mtu mweusi alitakiwa kutoka mtaa wa wazungu jioni ikiingia, na mzungu wake alitaka bomba liwe tayari asubuhi. Basi bomba likaja kwangu.

"Ni nini tena hii?" nikauliza.

"Bomba ya moshi ya kamio. Mwisho yake imepasuka, naikata hapa tu. Iko inox, Adélaïde. Chuma ya Bulaya, haipate kutu."

"Na mawese yangu inatafuta nini kwa chuma ya Bulaya?"

Akacheka. Alikuwa amemimina mafuta yangu ya mawese kwenye kifuniko cha kopo, anaupaka msumeno kama anayepaka mtoto. Akanieleza kwamba chuma hiki kina kiburi. Ukikisugua bila kukikata, kinapata moto, kinazidi kuwa kigumu, kinakula meno ya msumeno. Lazima uende polepole, usukume kwa nguvu, na mafuta yasikauke. Alikuwa amelizungushia bomba kipande cha gazeti, ncha zikutane, akachora mstari kwa msumari ili asikate upande. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Kwa kweli niliolewa kwa sababu ya mikono ile, ingawa sikuwahi kumwambia, angejisifu hadi sokoni Mudaka.

Nikafunga dirisha. Nikaingiza mbabula, jiko letu la makaa, nikaliweka karibu na kitanda alipolala Marcellin, maana baridi ya mvua ile haikuwa mchezo. Nikafunga na mlango.

Krrr... krrr... krrr...

Msumeno ukaanza kuingia kwenye chuma.

Kwanza ilikuwa harufu. Nilitegemea harufu ya chuma. Badala yake ikaja harufu ya moshi wa zamani, moshi uliolala mahali pamoja muda mrefu. Na ndani ya moshi ule kulikuwa na harufu nyingine, ndogo, ya maziwa yaliyochacha. Nikamnusa Marcellin. Si yeye.

Bisimwa akasimama kufuta jasho.

Kimya.

Nilidhani ni kimya cha msumeno tu. Halafu nikagundua kwamba hata pumzi ya mtoto siisikii. Nikamwinamia. Mdomo wazi. Kifua hakipandi.

"Papa Marcellin..."

Hakunisikia. Alikuwa ameshika tena kazi yake. Krrr. Kifua cha mtoto kikapanda. Krrr. Kikashuka. Krrr. Kikapanda.

Nikaweka kiganja juu ya kifua chake.

"Simama kidogo," nikanong'ona.

Msumeno ukasimama. Kifua kikasimama.

"Kata! Kata, Bisimwa, kata!"

Krrr... krrr...

Aliniangalia, akamwangalia mtoto, na nikaona uso wake umebadilika rangi. Sikuhitaji kumweleza. Aliona mwenyewe jinsi kifua kile kidogo kilivyofuata mkono wake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Nilimnyakua mtoto nikakimbilia mlango. Wazo langu lilikuwa moja tu: nimtoe nje, nimpeleke kwa majirani, kwa mapadri, popote. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Maman..."

Sauti ya mwanaume. Nje. Chini ya dirisha.

Nikarudi nyuma. Jioni ukiitwa na sauti usiyoijua, hujibu. Hilo nililinyonya kwa mama yangu. Na sauti ile ilikuwa ya mtu aliyechoka, mtu anayeongea na kifua kimebanwa.

"Maman... fungula dirisha."

"Umesikia?" nikamuuliza Bisimwa.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuacha kukata. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Ndipo nilipoiona ncha ndogo ya kitambaa, imetokeza kwenye mdomo wa bomba. Ua moja jekundu.

"Umetia nini mu hii bomba?"

"Muchanga. Muchanga ya maji, ili bomba isilie, isipondeke."

"Na mbele ya muchanga?"

"Kitambaa. Nilikikuta kwa kamba. Nilisema ni cha kupangusa..."

Mungu wangu! Nguo aliyopokelewa nayo mwanangu, imeshindiliwa ndani ya bomba la moshi! Ningempiga, kama mkono wake usingekuwa ndio unaompa mtoto pumzi.

"Kitoshe mule ndani!"

"Kimekamata kwa kona. Nilikisukuma na fimbo. Kitatoka tu nikimaliza kukata."

Nikavuta ile ncha kwa vidole. Ikachanika. Kilichobaki kilikuwa ndani, kimebanwa na mchanga, na kutoka mle ndani pumzi ya joto ilinigusa mkono. Ikatoka. Ikarudi.

"Hii kamio ilikuwa ya nani, Bisimwa?"

Krrr... krrr...

"Bisimwa!"

"Ya Cyprien," akasema kwa sauti ya chini. "Ule dereva wa njia ya Luhwindja. Bukungu ilimukamata ku mulima, akangojea asubui. Aliacha moteri inawaka juu ya baridi. Bomba ilikuwa imepasuka, moshi ikaingia kwake ndani. Walimukuta amekaa hivi, mikono ku volani, madirisha yote imefungwa."

"Na ulijua? Na ukaniletea chuma ya mufu mu nyumba ya mutoto?"

"Patron alisema chuma muzuri haitupwe..."

Nje, mvua ilizidi. Na juu ya mvua, kidole kilikuwa kinagonga ubao wa dirisha. Taratibu. Kwa adabu, kama mgeni.

"Maman... joto iko mingi humu. Fungula."

Humu. Alisema humu. Nikaegemeza mgongo wangu kwenye dirisha, mtoto kifuani, nikaanza Salamu Maria. Maneno yalikuwa yananitoroka. Kichwa kilinigonga, taa ya mafuta ilikuwa inawaka na rangi ya ajabu. Nilijua jambo moja. Huyu amekuja kumchukua mwanangu, na hataingia.

Wembe wa msumeno ulikuwa umekwisha meno. Unateleza tu. Kifua cha Marcellin kikaanza kuruka, pumzi fupi, pumzi nusu.

"Badirisha! Haraka!"

Bisimwa alikuwa na wembe mmoja mwingine. Akafungua parafujo ya msumeno. Nikamtazama mtoto. Midomo yake ikageuka bluu. Nikampulizia mdomoni. Hewa yangu haikuingia, kama mtu ameweka kiganja pale katikati.

Krrr!

Akapumua.

"Iko karibu," Bisimwa akasema. "Iko karibu, maman, vumilia..." Lakini alikuwa anasukuma kwa hofu sasa, si kwa ufundi. Mafuta yalikuwa yamekauka. Nilisikia chuma kinapiga kelele.

"Polepole, Bisimwa!"

Taka!

Wembe ukavunjika vipande viwili.

Kimya.

Sijui kama mmewahi kushika mtoto asiyepumua. Anakuwa mzito. Bisimwa alikuwa anasugua bomba kwa kipande cha wembe, damu inatoka vidoleni, na hakuna kilichosaidia. Na nje, yule naye akaanza kulia. Mwanaume mzima, analia kama mwenye msiba.

"Maman, nakuomba. Juu ya mutoto. Fungula."

Kwa ajili ya mtoto.

Sikufikiri tena. Nikageuka, nikang'oa komeo, nikalisukuma dirisha kwa nguvu zote. "Kama ni kuchukua, chukua mimi!" nikapiga kelele. "Chukua mimi!"

Upepo wa mvua ukaingia wote kwa mara moja. Ukazima taa. Ukarusha majivu ya mbabula chumba kizima. Nje hapakuwa na mtu. Udongo chini ya dirisha ulikuwa laini, maji yanapita juu yake, hauna hata alama moja ya mguu.

Halafu, karibu kabisa na sikio langu, upande wa ndani:

"Aksanti, maman. Mutoto anapumua."

Na mtoto akalia. Kilio kirefu, cha juu, ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu azaliwe. Nilicheka na kulia pamoja naye. Bisimwa alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akatapika kwenye mvua. Tulipowasha taa tena, bomba lilikuwa limeshikwa na uzi mwembamba tu wa chuma. Alilivunja kwa mkono. Mchanga ulimwagika ungali na maji yake. Kitambaa kilitoka katikati yake kikavu, kina joto, kama kimetoka kupigwa pasi.

Asubuhi tulimpeleka mtoto kwa muuguzi. Alituangalia, akauliza maswali, tukamweleza hadi habari ya Cyprien, akatugombeza.

"Mbabula ndani ya nyumba imefungwa? Munataka kufa? Ile makaa inatoa sumu yenye haina harufu. Njo ile iliua na Cyprien wenu. Mungefungula dirisha mapema, hata kichwa haingewauma."

Bisimwa alifurahi sana. Njia nzima ya kurudi alikuwa anarudia, mbabula, ni mbabula, umesikia? Nilikuwa nimemuuliza muuguzi, na msumeno je? Alinitazama kwa upole, jinsi wanavyotutazama sisi tuliotoka kujifungua, akaniambia nilale zaidi.

Lakini mchana Marcellin hakulala. Hakunyonya. Nilimpa ziwa, aligeuza uso. Nilimwimbia wimbo aliouzoea, akanitazama kama mtu anayengoja mgeni aondoke. Alinyonya kidogo usiku, akiwa usingizini, basi. Macho yake yalikuwa mlangoni kutwa nzima. Nilimpenda hadi nikahisi kichaa, na nilikuwa naogopa kumwogesha.

Siku moja mchana akaja mwanamke. Alikuwa kijana, amevaa nguo za msiba, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Akasema anaitwa Martine, mke wa marehemu Cyprien, amefika kutoka Luhwindja. Mlinzi wa gereji alikuwa amemwelekeza kwetu.

"Nilisikia munabakia na kipande ya kamio," akasema. "Nilitaka tu kukiona. Sikubakia na kitu yake ingine."

Nilimkaribisha kiti. Nikampa pole kwa mume wake.

"Aksanti," akasema. "Na mutoto."

"Mutoto gani?"

"Hawakuwaambia? Nilikuwa nimetoka kuzaa, homa ikanikamata, siwezi kusimama. Mutoto naye akaanza kukohoa. Cyprien akamubeba ku kamio, amulete hapa ku hospitali." Alikuwa anaongea bila machozi, yalikuwa yamekwisha. "Alifunga madirisha ili mutoto asisikie baridi. Wazungu waliandika dereva mumoja. Mutoto hawakumuhesabu."

Nyuma yangu, kitandani, Marcellin alikuwa amenyamaza.

Alikuwa amelia tangu alfajiri. Tangu mwanamke huyu alipoanza kuongea, alinyamaza. Nikageuka. Alikuwa ameinua mikono yote miwili.

Martine alimwona. Nikaona kitambaa cha kifuani mwake kinaanza kulowa, upande mmoja, halafu wa pili. Alijishika kwa aibu.

"Unisamehe, maman. Ilikuwa imekauka. Ilikuwa imekauka kabisa."

Mtoto akaanza kulia tena, kile kilio cha juu, na mwili wa mwanamke yule ukatetemeka wote. Hakuniomba. Alisimama tu pale, mikono imemlegea, maziwa yanadondoka sakafuni.

Mbavu za mwanangu zilikuwa zimeanza kuonekana. Nilimbeba, nikambusu kichwani, nikampa.

Alinyonya kwa pupa, macho yamefumba, mkono mmoja umeshika kidole cha Martine. Nilikaa karibu yao hadi aliposhiba. Martine alipomlaza kitandani na kuelekea mlangoni, aliniuliza kwa kunong'ona kama anaweza kurudi kesho.

Nikamwambia aje mapema, kwa sababu huwa anaamka na njaa.