Gari Limeshamchukua Josepha

Magharibi ile nilishuka kununua mkate na mafuta ya taa. Mgao wa umeme ulikuwa umeanza mapema. Mtaa wa Sikukuu ulikuwa giza tupu, isipokuwa penye maduka yenye jenereta. Ilikuwa mwaka 2004, nyumba za zamani za Kariakoo zikivunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, na vumbi la chokaa halikutuacha usiku wala mchana. Vumbi hilo ndilo lililomtesa binti yangu Josepha, mwenye miaka tisa na pumu.

"Shikamoo, Bi Mauza," nilimsalimu mwenye nyumba wetu, aliyekuwa akifunga duka lake la vitenge pale chini.

"Marahaba, Mwalimu. Mwanao vipi leo?"

"Kaamka vizuri."

"Mzibie dirisha. Hawa wajenzi watatuzika kabla hawajatupangisha hizo fremu zao za maduka."

Tulikuwa bado tunacheka niliposikia kikombe kikianguka juu.

Nilipanda ngazi mbio. Josepha alikuwa amepiga magoti dirishani, ameng'ang'ania nondo. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimtia bomba lake la pumu mdomoni nikabonyeza. Nikabonyeza tena...

Tupu.

Midomo yake ilikuwa inageuka kijivu.

Karibu na Mnazi Mmoja kulikuwa na zahanati ya binafsi yenye gari la wagonjwa na mtungi wa oksijeni. Mapokezi alikaa Nirali, binti niliyemfundisha darasa la nne. Nikapiga simu.

"Nirali, ni Mwalimu Theopista. Josepha hapumui! Leteni gari. Sikukuu na Mkunguni, nyumba ya Bi Mauza, juu ya duka la vitenge."

"Namba ya nyumba, Mwalimu?"

"Tangu lini Kariakoo tukaulizana namba?"

"Ni hii kompyuta mpya. Naandika anwani, yenyewe inaigeuza kuwa latitudo na longitudo, kisha inampelekea dereva kwenye kifaa chake. Siku hizi hatumwelekezi kwa mdomo." Nikasikia vidole vyake vikigonga. "Imekubali. Gari linatoka."

Latitudo na longitudo. Niliwafundisha watoto wangu mistari hiyo kwa chungwa na kalamu. Mistari miwili hukutana mahali pamoja tu, niliwaambia, kwa hiyo hutapotea. Nikakaa sakafuni na mwanangu mapajani, nikisikiliza king'ora.

Filimbi... kimya... filimbi.

Gari halikuja. Nikapiga tena.

"Ondoa wasiwasi, Mwalimu," Nirali alisema. "Gari limeshamchukua."

"Limemchukua nani?"

"Josepha. Dereva kasema redioni sasa hivi. Yuko naye garini."

Niliinamisha macho. Josepha alikuwa mapajani mwangu, amenishika kidole.

"Nirali," nilinong'ona. "Josepha ninaye hapa."

Nyuma yake redio ya kuongea na dereva ilikuwa inakwaruza. Kisha, ndani ya mkwaruzo ule, nikamsikia mtoto akikohoa na kuvuta pumzi.

Pumzi yenye filimbi.

Filimbi ile ile.

Simu ikakatika.

Nilimbeba mwanangu nikashuka naye. Bi Mauza aliona midomo ya mtoto, akatoka barabarani bila hata buibui lake, akisimamisha watu. Mbeba mizigo mmoja, Tarsis, alikuwa anapita na mkokoteni wa marobota ya mitumba kutoka Mchikichini. Aliyapindua yote chini.

"Panda, Mwalimu! Leo ambulensi ni mimi," alisema, akaushika mkokoteni. "Pisha! Pisha mgonjwa!"

Watu walipisha. Sikumbuki njia. Nakumbuka kichwa cha Josepha kikigongagonga kifuani mwangu, na kila baada ya shimo nikisikiliza kama filimbi bado ipo.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uani mwa zahanati, milango wazi. Dereva, Safari, alikuwa amechuchumaa kando yake, anajimwagia maji ya dumu mikononi. Anasugua. Anamwaga. Anasugua tena. Garini mlitoka harufu ya kinyesi cha popo na ukuta ulioloa.

"Umemleta nani?" nilimuuliza.

Alimtazama Josepha mikononi mwangu, dumu likamponyoka.

"Wiki nzima kifaa kinatupeleka nyumba moja, Mwalimu. Lile gofu la kina popo, lililovunjwa nusu. Tunapiga hodi, tunaita jina la mgonjwa, hakuna mtu, tunaondoka. Leo nikapiga hodi, nikaita Josepha..." Aliliokota dumu. "Wakaitika: karibu."

"Nani?"

"Sauti tu, gizani. Karibu, tumesubiri sana. Mtoto akatoka mwenyewe, akanipa mkono. Mwalimu, ule mkono ulikuwa unamomonyoka."

Nikamwacha hapo.

Nirali alikuwa amejibanza mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, machozi yanamtoka.

"Mtungi ni mmoja tu, Mwalimu. Uko naye. Nesi alimvisha barakoa, alipomgeuza uso akakimbia. Mimi siwezi kuingia mle."

Niliingia.

Kitandani alilala msichana, ameelekea ukutani, magoti ameyakunja hadi kidevuni kama Josepha anavyolala. Shuka lilikuwa limejaa unga mweupe. Barakoa ilikuwa usoni pake. Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka, nao ulikuwa umebaki chini sana.

Josepha alivuta pumzi. Kitandani ikavutwa pumzi.

Josepha akapiga filimbi. Kitandani ikapigwa filimbi.

Kisha Josepha akanyamaza mikononi mwangu. Akawa mzito.

Kitandani filimbi iliendelea.

Nilimtikisa. Na hapo, taratibu, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, yule aliyelala akasema:

"Shikamoo, mama."

Kwa miaka mingi nimepita kwenye veranda za shule nikiamkiwa na watoto, kushoto na kulia. Mdomo wangu haujawahi kuingoja akili.

"Marahaba, mwanangu."

Akageuka.

Sitausimulia uso ule. Nitasema tu kwamba ulikuwa haujamalizika.

Nilijua nimefanya nini: nimemkubali kuwa mwanangu. Neno lilikuwa limeshatoka, na mwanangu alikuwa anakufa mikononi mwangu. Sikuwa na dawa, sikuwa na dua iliyonijia, sikuwa na nguvu za kumng'oa. Nilichobaki nacho ni ile sauti ninayoitumia kwa watoto wanaposukumana kwenye bomba la maji shuleni. Nikaitumia.

"Kama mimi ni mama yako, nisikilize. Shuka. Mpishe mwenzako, amezidiwa. Kila mtu na zamu yake."

Alinitazama. Kisha akavua barakoa mwenyewe, akaiweka vizuri juu ya mto, akashuka. Alinipita. Nilifumba macho, ubaridi wa chokaa ukanigusa shavu.

Nikamlaza Josepha, nikambana barakoa usoni.

"Vuta, mama. Vuta..."

Hakuvuta.

"Vuta!"

Ikaja filimbi moja, nyembamba kama uzi. Kisha ya pili.

Siku Josepha alipotoka zahanati, Nirali alinieleza alichoambiwa na fundi wa ile kompyuta. Ikishindwa kuelewa anwani, haisemi haijui. Inachagua katikati ya Kariakoo, inapeleka hapo. Na katikati hiyo ilikuwa imeangukia kwenye lile gofu. Wagonjwa wote wasio na namba ya nyumba, majina yao yaliitwa mlangoni pale.

Nilipomsimulia Bi Mauza, hakushangaa.

"Mahali pasipo mtu, Mwalimu, ukipaita majina ya watu kila siku, iko siku pataitika."

Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza kitu. Kompyuta ilirekebishwa. Gofu lilivunjwa lote, likapanda ghorofa la maduka ya simu. Yule aliyekuwa akiishi mle akabaki hana kwao.

Nilidhani yamekwisha. Lakini magharibi moja, nikiwa natandika kitanda, mtu aliongea nyuma ya mlango. Aliongea polepole, kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Zamu yangu bado?"

Sikujibu. Nyuma yangu, Josepha, ambaye tangu atoke zahanati alikuwa mzima kabisa, akaanza kupiga filimbi.

"Marahaba!" nikasema. "Bado, mwanangu. Bado."

Filimbi ikakoma.

Tangu hapo sitoki nyumbani magharibi. Sijalala kwa ndugu, sijaenda msibani. Josepha sasa yuko kidato cha pili, ananipita kwa urefu, na hajui kwa nini mama yake hukaa karibu na mlango jua linapozama. Kila siku naulizwa. Kila siku najibu bado.

Jana nilikaa pale pale. Adhana ikaisha. Taa za mtaani zikawaka. Josepha alikuwa anaoga, namsikia akimwaga maji. Nilingoja mpaka giza likakamilika.

Yule wa nyuma ya mlango hakuuliza kama zamu yake bado.