Chini ya Kibandiko

Kitabu hakikufunguliwa. Kilikaa kwenye sinia la kioo, kimefungwa vilevile, na bado kurasa zake zilipanda hewani moja baada ya nyingine, za mwanga mtupu, mpaka ukumbi wa Maktaba ya Taifa ya Sheria pale Uwanda Mpya ukajaa vifungu kuanzia sakafuni hadi darini. Sekela alisimama katikati yake akasahau hata kufumba mdomo. Miaka thelathini na tatu amevishika vitabu vile kwa mikono yake, na leo ndiyo kwanza anaviona.

Mashine iliitwa Mpenyezi. Ilirusha miale-pole, miale isiyounguza karatasi wala kuchubua wino, ikapenya jalada, ikasoma ukurasa wa juu na wa chini yake bila kuchanganya herufi. Ukiona vyaelea, vimeundwa: Mhandisi Rehani, binti mwembamba aliyesimama kando ya sinia, alikuwa ameiunda kwa miaka tisa.

"Inaona hata chini ya vibandiko, Mama Sekela," alisema.

Vibandiko, hapo ndipo Sekela alipokuwa bingwa. Zamani Bunge lilipobadilisha sheria, maktaba haikutupa kitabu. Maneno mapya yalichapwa kwenye ukanda wa karatasi nyembamba, ukapakwa gundi ya unga wa muhogo, ukabandikwa juu ya maneno ya zamani. Kisha ukaja Mwaka wa Giza. Dhoruba ya jua ilifuta maghala yote ya data nchini kwa siku moja, na vitabu hivi vikabaki nakala pekee. Mahakama zote zilinakili kutoka hapa. Walichobandika wabandikaji ndicho kilichokuwa sheria ya nchi, upende usipende.

Kwenye benchi la wasomaji alikaa Mzee Asajile, kofia magotini. Mkewe Tupokigwe alikuwa amefariki Jumatatu. Ukoo wao ulihamishwa kutoka Igelima kupisha bwawa kuu, lakini kilima cha makaburi hakikufunikwa na maji, na marehemu aliomba azikwe huko. Jiji lilikataa. Kifungu cha 14 kilisema haki hiyo ilikwisha miaka kumi baada ya kuhama. Kesho saa sita mchana angeingizwa kwenye droo ya Mnara wa Mapumziko, ghorofa ya sitini, kama wafu wote wa jiji.

"Baba yangu alinisomea sheria ile, mama," mzee alikuwa amemwambia Sekela asubuhi. "Haikuwa na miaka kumi."

"Mzee wangu, pole sana. Lakini maneno ya mdomo hubadilika. Kitabu hakibadiliki."

Hakubisha. Aliomba tu aone kikisomwa. Kwa kumwonea huruma, Sekela aliagiza Mpenyezi ianze na Sheria ya Waliohamishwa.

Kifungu cha 14 kikapanda. Kibandiko chake kilibanduka hewani taratibu, na chini yake yakatokea maneno ambayo hakuna jicho lililoyaona kwa miaka ishirini na minane. Meusi, kamili, kana kwamba yamepigwa chapa jana. Sekela alihisi nywele zikimsimama.

Mpenyezi ikakisogeza kibandiko karibu. Pembeni palikuwa na namba ndogo: 41.

"Hiki si cha hapa," Rehani alisema. "Kifungu cha arobaini na moja ni malisho ya ng'ombe kando ya bwawa, na 'haki hii' ya miaka kumi ni hiyo ya malisho. Sasa kilifikaje kwenye kumi na nne?"

Sekela alijua. Mbandikaji hulaza ukanda kifudifudi ili apake gundi mgongoni. Karatasi ile ikilowa huwa angavu, na namba huonekana kwa nyuma. Arobaini na moja ukiitazama kwa nyuma ni kumi na nne. Tulionywa kila siku, aliwaza, geuza kwanza usome. Ndani ya gundi iliyokauka palikuwa na alama ya kidole gumba, na kovu limeikata katikati.

"Tuna shida," Rehani aliendelea. "Kosa la kibandiko huenda kwenye jopo, miezi sita. Mbandikaji akikiri mwenyewe kwa ushahidi, kifungu hurudi siku hiyohiyo. Lakini walikuwa kumi na wawili wakati ule, nani atamjua? Na hili doa kwenye gundi, nilisafishe kabla ukurasa haujahifadhiwa?"

Sekela alikuwa amelificha gumba lake ndani ya ngumi. Ijumaa anastaafu. Chumba cha Vibandiko kingepewa jina lake, kibao kimeshachongwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alitazama benchi, akaiona ile kofia magotini, akaiona na kesho saa sita. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sekela hakuchutama.

"Usisafishe," alisema, akaweka gumba lake juu ya kioo.

Mashine ikalipandisha hewani, kubwa kama mlango, likasimama kando ya lile la zamani. Kovu kwa kovu. Rehani aliyatazama yote mawili, kisha akabonyeza muhuri wa kukiri.

Sekela akaenda kukaa benchini.

"Mzee, kibandiko kile nilikibandika mimi. Nilikosea mahali. Kifungu chenu hakijawahi kufutwa. Kesho mtampeleka Igelima."

Mzee Asajile aliigeuza kofia yake magotini.

"Ulikibandika lini?"

"Miaka ishirini na minane sasa."

"Mama yangu yumo mnarani mule," alisema polepole. "Na kaka yangu. Na Lusajo, mwanangu. Nilikuja hapa mara zote tatu. Hunikumbuki. Mara zote tatu ulinijibu wewe, ukaniambia kitabu hakibadiliki. Ulinijibu kwa adabu, sikatai."

Sekela aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Nisomee," mzee alisema.

Sekela akasoma kutoka hewani. "Aliyehamishwa, na mwenzi wake, na mzazi wake, na ndugu yake, na mtoto wake, atazikwa kwao akitaka, siku yoyote..." Midomo ya mzee ilikuwa ikicheza, ikitangulia ya Sekela. Mzee ndiye aliyemalizia, macho chini, bila kutazama ukurasa:

"...na mlango huo haufungwi."

Rehani akaleta kibali cha maziko. Kilikuwa na mstari mmoja wa jina. Sekela alikwenda Chumba cha Vibandiko, akarudi na ukanda wa karatasi na kopo la gundi. Aliupaka mgongoni, akaugeuza, akautazama kwa mbele, akautazama tena. Kisha akaubandika chini ya ule mstari, akamkabidhi mzee kalamu aandike majina manne.