Mlo wa Kizimba cha Saba

Mbu wa kizimba cha saba hawakuwa wamelishwa kwa siku nne, lakini matumbo yao yalikuwa yamejaa damu.

Mtunzaji wao alichuchumaa, akawamulika kwa tochi, akawatazama tena. Wanafunzi wa chuo walimwita Mama Mbu, jina la utani alilopewa zamani, kabla hajapata hata dalili ya mtoto. Alilipokea kwa kicheko, ingawa lilimchoma. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na daktari wa kliniki alimwambia bila kuzungusha maneno: damu yako imepungua mno, mama, hakuna tena kulisha mbu kwa mkono wako.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Vizimba sita vililishwa kwa mashine, damu ya ng'ombe ikipashwa moto chini ya utando mwembamba. Cha saba kilikuwa na ukoo wa miaka thelathini na mmoja, mbu waliozaliwa humo humo, wasio na ugonjwa wowote, na wenye maringo: hawakugusa ila mkono wa mtu. Utafiti wote wa Profesa, mkuu wa maabara ile, ulisimama juu yao. Namna alivyowabembeleza, ungedhani ni wakwe zake.

Chumba chao kilikuwa na milango miwili, wa ndani na wa nje, na katikati nafasi ya kusimama mtu mmoja. Mmoja haufunguki mpaka mwenzake ujifunge, ili mbu asitoroke. Tena humo taa huzimwa mchana na kuwashwa usiku, mbu wadanganyike wawe na njaa saa za kazi. Kwa hiyo nje jua la saa sita lilikuwa linawaka, na Mama Mbu alikuwa gizani.

"Nani amewalisha nyie?" alinong'ona.

Mvumo ukakatika. Mbu mia tatu, na hata ubawa mmoja haukusikika. Kisha pakanuka maziwa, maziwa ya mama yaliyokaukia nguoni.

Jioni, akioga, aliona alama za kuumwa tumboni mwake. Zilikuwa zimejipanga duara, upana ule ule wa tundu la kizimba anamopitishia mkono. Hakumwambia mumewe. Alimpigia simu mzee aliyestaafu miaka mitano iliyopita na kumwachia kazi ile.

"Siku ya kwanza kuwalisha, uliwaambia chochote?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitania tu. Niliwaambia karibuni, mimi ni wenu."

"Unisamehe, mwanangu. Ilibidi nikuonye, ila nilikuwa nimechoka, nilitaka kutoka. Humo mna jini. Na mimi nilimkaribisha kwa mzaha hivyo hivyo. Ukimlisha anatulia. Ukimnyima, anajilisha mwenyewe."

"Nifanyeje sasa?"

"Dawa ni kuwagandisha wote. Nilijaribu mara moja, sikuweza kumaliza." Mzee mzima akaanza kulia, akakata simu.

Kesho yake Profesa alikuwa safarini, na Mama Mbu hakuomba ruhusa ya mtu. Kazi angepata nyingine, mtoto asingepata mwingine. Aliingia, akakibeba kizimba, akakitia kwenye friza iliyokuwa pembeni mle mle, akafunga.

Alipita mlango wa ndani, ukajifunga nyuma yake, akashika kitasa cha mlango wa nje kikakataa, akakitikisa, akasukuma kwa bega, akagonga kwa ngumi zote mbili akiita jina la kila mtu aliyemjua kwenye jengo lile, na hapo ndipo baridi ilipomwanza, si miguuni wala mgongoni bali ndani ya tumbo, baridi nzito iliyotulia mahali pamoja, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu alfajiri akapiga teke moja dogo, la unyonge, kisha hakupiga tena.

"Mama," sauti nyembamba ilisema, karibu mno na sikio. "Baridi."

Hakujua ni nani kati ya wale wawili, mtoto au jini, aliyesema. Mlango wa ndani ukafunguka wenyewe.

Alikimbilia friza, akakitoa kizimba, akakikumbatia chini ya koti lake, akakipulizia pumzi huku akiomba kwa lugha zote alizozijua. Mbu walikuwa wamelala chali. Mmoja akatikisa mguu, na papo hapo mtoto akatikisika. Mama Mbu akakunja mkono wa nguo na kuingiza mkono wote hadi begani. Kadiri walivyokunywa ndivyo mtoto alivyocheza. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na furaha ile ilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Safari hii mlango wa nje ulifunguka kwa kuguswa tu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Profesa alipiga simu kumpongeza, akasema apumzike miezi mitatu, atatafutwa mtu mwingine wa kulisha kizimba cha saba.

"Hapana," alisema Mama Mbu. "Nitakilelea nyumbani."

Profesa akasema wafanyakazi wa namna yake wameadimika.

Mumewe aliporudi kazini jioni alimkuta kitandani, amejifunika shuka hadi kidevuni, mtoto kwapani. Mwanamume yule alikuwa amengoja siku hii miaka saba. Alishusha chandarua taratibu, akakichomekea chini ya godoro upande hadi upande, akarudia miguuni.

"Sitaki hata mbu mmoja amguse mwanangu," alisema. "Nimewafungia vizuri?"

Mama Mbu alitaka kumwambia. Alifungua mdomo, akahisi baridi ikianza kumtambaa mtoto miguuni.

"Vizuri sana, baba," alijibu, na chini ya shuka mtoto na kizimba wakaanza kulilia chakula kwa pamoja.