Binti Yako Yuko Njiani

Shoga yangu mmoja, mshonaji, alimzika mama yake, kisha akaenda kwenye nyumba ya kulelea wazee kuchukua nguo za marehemu. Ilikuwa mchana, lakini mapazia mazito yalikuwa yamefungwa na chumba kilikuwa giza. Darini, juu ya kitanda kitupu, iliwaka taa ndogo ya kijani.

"Mbona inawaka?" alimuuliza muuguzi aliyemfungulia mlango.

"Ni ile mashine ya akili bandia, inalinda wazee wasianguke. Mafundi bado hawajaja kuizima," muuguzi alijibu. "Kijani ni mtu amelala. Akianza kuinuka inakuwa nyekundu, na mashine inamtuliza. Kwa mama yako iligundua yenyewe maneno ya kumwambia: 'Lala, mama, binti yako yuko njiani.' Basi analala. Hakuanguka hata siku moja."

"Yaani mlikuwa mnamdanganya mama yangu?"

"Kwani dada, ulikuwa unakuja?"

Muuguzi akaenda zake, viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido, kisha kimya. Shoga yangu akageukia kabati na kuanza kukunja magauni aliyomshonea mama na kumtumia kwa mikono ya watu. Mengine hayakuwahi kuvaliwa.

Sauti ikatoka darini, laini kabisa.

"Mama, binti yako amefika."

Nyuma yake godoro likalia, taratibu, kama linavyolia mzee anapojiinua kwa shida. Mwanga wa kijani kwenye mlango wa kabati mbele ya macho yake ukabadilika, ukawa mwekundu.